Kulipia Kazi Uliyokuwa Ukilipwa

Siku ambayo uongozi wa nyumba ya wazee ya Harless Fork uliamua kuwashukuru wahudumu wake kwa mwaka mzima wa kuinua, kugeuza, kuosha na kufuta, uliwanunulia piza. Tena si piza moja, watu wasije wakasema uongozi una mkono wa birika. Zilikuwa nne, za jibini tupu, kwa zamu tatu. Zamu ya Renita Stamper ndiyo iliyopata mapumziko mwisho, ikakuta magamba ya pembeni na kisanduku chenye mafuta.

Pamoja na piza kulikuwa na tangazo. Bi Pruitt, meneja, alilisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba vita vimekwisha: mshahara wa wahudumu umepanda senti ishirini na tano kwa saa. Kisha akasubiri makofi.

Renita alipiga makofi. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na tangu aanze kazi pale mgongo wake ulikuwa umezeeka kumshinda yeye mwenyewe. Huko nje ya dirisha, vilima vya Kentucky ya mashariki vilikuwa vimekaa kimya chini ya mvua, kama vilivyokuwa vimekaa kimya makampuni ya makaa yalipokuja na yalipoondoka.

"Senti ishirini na tano!" alisema Misty Combs, mwenzake wa zamu, akitafuna gamba. "Shoga, tukichanga zako na zangu, mwisho wa mwezi tunanunua piza yetu wenyewe. Yenye nyama."

"Usiwe na tamaa," Renita alimjibu. "Tamaa ndiyo iliyomponza fisi."

Ndipo nesi wa zamu akapita akisukuma kigari cha dawa. Aligawa vidonge, akaandika, akapima presha za watu wawili, akaenda zake. Renita hakuwa na kinyongo naye, maana alijua mwanamke yule anafanya kazi na kuna siku hupata muda wa kwenda chooni na siku nyingine hapati. Ila mshahara wa nesi ulikuwa mara mbili ya wake na chenji juu, na tofauti yao yote ilikuwa shahada ndogo ya uuguzi, ile ya miaka miwili, pamoja na leseni ya jimbo.

Misty akatoa mfukoni karatasi yenye rangi zote za upinde wa mvua. "Miezi ishirini tu," alinong'ona. "Hawana foleni. Hawana mtihani wa kuingia. Unaingia Machi, unatoka nesi."

"Kwa bei gani?"

"Hiyo hawajaandika."

"Wamesahau," Renita alisema. "Karatasi imejaa picha."

Hata hivyo, Jumamosi walikwenda.

Chuo cha Sayansi za Afya cha Gladecrest kilikuwa ndani ya jengo la maduka lililokuwa likifa polepole kando ya barabara kuu, kati ya duka la nywele za bandia na ofisi ya kuandikisha askari. Zamani palikuwa duka la viatu, na vile vioo vifupi vya kutazamia miguu vilikuwa bado ukutani, hivyo kila aliyekuja kutafuta maisha mapya alipokelewa kwanza na sura ya viatu vyake vya zamani.

Afisa udahili aliitwa Bryce Tackett, kijana mwenye tai nyembamba na meno mengi. Aliwapa maji ya chupa yenye nembo ya chuo. Renita aliyatazama yale maji kwa mashaka, maana alikwishajifunza kwamba ukipewa cha bure mahali pa biashara, kuna cha ghali kinachofuata nyuma yake. Nyuma ya kijana kulikuwa na bango: DOLA ELFU SABINI NA MBILI KWA MWAKA! Chini yake, kwa herufi za mchwa: wastani wa kipato cha wahitimu wetu wa uuguzi.

"Wastani wa nani huu?" Renita aliuliza.

"Wa wahitimu wetu, Bi Renita."

"Wote?"

"Waliotujibu."

"Waliwajibu wangapi?"

Bryce aliitazama karatasi yake kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. "Kumi na mmoja."

"Na waliobaki?"

"Wana shughuli nyingi. Manesi unawajua, hawana nafasi."

"Au simu zao zimekatwa."

Misty alimkanyaga mguu chini ya meza. Kile kioo kifupi ukutani kikaonyesha kila kitu.

Ada ilikuwa dola elfu hamsini na mbili. Bryce aliitamka haraka na kwa ulaini, kama daktari anayesema utahisi kama umeng'atwa na mbu. Lakini hakuna anayetoa pesa mfukoni, aliwaambia. Kuna mikopo, na ukishahitimu unalipa kidogo kidogo, dola mia sita kwa mwezi, miaka kumi. "Ni kama kulipia gari tu."

"Gari lipi?" aliuliza Renita. "Kama lile ninalolilipia akipanda mwingine?"

Hapo hakutania. Mume wake wa zamani, Dewey, alikuwa ameondoka na pikapu nyekundu iliyokopwa kwa majina yao wote wawili. Benki haikuwa na habari za talaka, ilijua jina la Renita tu. Kwa hiyo kila mwezi alililipia gari ambalo alikuwa akiliona likipita mjini na mwanamke mwingine amekaa mbele, ameshusha kioo, anapunga upepo.

Bryce alicheka bila kujua anacheka nini. Kwenye koti lake kulikuwa na beji: MHITIMU MWENYE FAHARI. Renita akaiona.

"Kumbe nawe umesoma hapa?"

"Ndiyo! Usimamizi wa ofisi za tiba."

"Na sasa unafanya kazi uliyosomea."

"Nipo ofisini," Bryce alisema, akafikiri kidogo, "na ofisi inahusiana na tiba."

"Kwa hiyo umo kwenye hesabu yao ya wahitimu waliopata ajira."

"Nimo." Yale meno yakapungua kidogo. "Na deni langu nalo bado limo."

Ulikuwa ukweli wa kwanza kusemwa chumbani mle tangu waingie, na ulipita kama ugeni wa ghafla, kila mtu akitazama kando. Kisha Misty akasema, "Nisaini wapi?"

Njiani kurudi, taa za barabarani ziliwasimamisha.

"Umenitia aibu," Misty alisema.

"Mimi? Nimeuliza maswali."

"Umemhoji yule kijana kama kamshika paja mama yako. Renita, tatizo lako unaogopa kila kitu. Dewey alikuibia gari, basi dunia nzima ni Dewey."

"Dola elfu hamsini na mbili ni Dewey saba."

"Haya hesabu! Kaa hapo uhesabu, uhesabu, mpaka siku uje uhesabiwe wewe, umelala kitanda cha kumi na mbili, na mimi ndiye nesi nakuletea vidonge."

"Usisahau kunipasulia kile kikubwa. Kinanikwama."

Misty hakucheka. Alimshusha Renita njia panda, akaondoka na gari lake likitoa moshi, gari ambalo angalau lilikuwa lake.

Baba yake Renita, Orville Stamper, alikuwa barazani na mrija wa oksijeni puani, mtungi ukipumua pembeni yake. Miaka aliyochimba makaa ilikuwa imemlipa pensheni ndogo na mapafu yaliyojaa vumbi, na katika hivyo viwili ni mapafu tu yaliyofika kwa wakati. Daktari alikwishampa mwaka mmoja wa kuishi. Orville, ambaye hajawahi kukubaliana na mtu mwenye tai, alikuwa kwenye mwaka wa tatu.

"Babu yako," alianza hata kabla Renita hajaketi, "alikuwa akilipwa kwa sarafu za kampuni, ambazo hazinunui kitu ila kwenye duka la kampuni. Alikufa anadaiwa unga. Unga ambao alikwishaula!"

"Najua, Baba."

"Najua unajua. Nasema kwa sababu sina kazi nyingine."

"Sikusaini."

"Vizuri. Na sasa?"

Sasa kulikuwa na chuo cha serikali, mwendo wa nusu saa. Shahada ni ile ile na mtihani wa leseni ni ule ule, ila ada haifiki hata robo, na kwa mtu wa kipato cha Renita serikali ingebeba sehemu kubwa. Renita alikwenda Jumatatu akiwa na furaha ya mtu aliyeona njia ya mkato ambayo wenzake wameikosa. Nyuma ya dirisha la udahili alikaa mwanamke aitwaye Eulene, mwenye sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta, ambaye alimweleza kwamba chuo kina walimu wachache na viti vichache, na kwamba foleni ya kozi ya uuguzi ni miaka miwili.

"Miaka miwili ya kusoma?"

"Ya kusubiri, mpenzi. Kusoma ni miwili mingine."

Usiku hata haujaingia, Orville alikwishaipiga ile hesabu kichwani, akaitoa mezani pamoja na maharage na mkate wa mahindi.

"Nesi anapata mara mbili yako. Ukikaa miaka miwili kwenye foleni, mshahara ambao hujaupata ni kama elfu sabini. Misty anadaiwa elfu hamsini na mbili." Akavuta pumzi mrijani. "Kwa hiyo mjinga ni nani?"

Renita alibaki na kijiko hewani. Kwa siku mbili zile alikuwa amejiona mwerevu, na kuna utamu fulani katika kumwonea huruma rafiki yako. Sasa utamu ule ulimgeukia ukawa uchungu. Mvumilivu hula mbivu, watu husema, lakini hakuna anayekwambia mbivu hizo zinauzwa ghali kuliko mbichi.

"Umenikatisha tamaa, Baba."

"Sijamaliza. Mgodini hatukuwa tunahesabu wanaoshuka. Kushuka kila mtu anashuka. Tulihesabu wanaopanda. Hao Gladecrest, wanaopanda na leseni ni wangapi?"

Jambo hilo halikuwa siri. Bodi ya wauguzi ya jimbo ilikuwa ikitangaza matokeo ya kila chuo, mahali pa wazi kabisa, palipokuwa hapatembelewi na mtu kwa sababu hapakuwa na picha za rangi. Renita alitafuta kwenye simu yake. Katika chuo cha serikali, tisa kati ya kila kumi walifaulu mtihani wa leseni. Gladecrest, kati ya kila wawili waliofanya, alifaulu mmoja. Na hao ni waliofika hata kwenye mtihani.

"Deni ni la wote wawili," alisema polepole, "mshahara ni wa mmoja."

"Sasa hiyo ndiyo hesabu," Orville alisema, akachukua mkate wa mwisho.

Renita alimpigia Misty simu saa ile ile. Alimweleza yote kwa upole, bila kejeli, jambo lililomgharimu jasho. Kisha Misty akasema, "Basi mimi nitakuwa yule mmoja," akakata.

Machi, Misty aliacha kazi Harless Fork. Bi Pruitt alimuaga kwa kadi ambayo hakuna aliyeisaini isipokuwa Bi Pruitt. Renita aliandikisha jina lake kwa Eulene, na kuanzia hapo kila Jumatatu alikuwa anapiga simu kuuliza kama kuna mtu amejitoa, amehama, ameolewa mbali au amepata wito wa kanisa. Eulene alimwambia mara nyingi kwamba kupiga simu hakusaidii. Renita alimjibu mara zote kwamba hakuna shida, anapiga tu kusalimia.

Baada ya muda ndipo kikatokea kile kituko ambacho watu wa Harless Fork bado wanakihadithia.

Gladecrest ilikuwa imewaahidi wanafunzi wake mafunzo ya vitendo katika hospitali kubwa. Kwenye ile karatasi ya rangi kulikuwa na picha ya hospitali yenyewe, yenye uwanja wa helikopta. Kumbe mkataba na hospitali ulikuwa wa matumaini zaidi kuliko wa maandishi. Muhula ulipoanza, chuo kikatafuta haraka haraka mahali popote penye vitanda na wagonjwa, na mwenye vitanda, wagonjwa na uhaba wa mikono alikuwa Bi Pruitt.

Asubuhi moja, Renita akiwa anakunja mashuka, mlango ukafunguliwa wakaingia wanafunzi saba wenye sare za zambarau. Wa saba, nyuma kabisa, akijificha kwa bega la mwenzake, alikuwa Misty.

Bi Pruitt alisugua viganja. "Wahudumu wetu watawaelekeza," alisema. "Renita, mchukue huyu."

"Huyu?" Renita alisema. "Ananifahamu kidogo."

Chumba cha kwanza kilikuwa cha mzee Hobart, aliyekuwa na miaka tisini na mmoja na kinywa kisichokuwa na lijamu. Alikuwa amechafua kitanda. Misty alivaa glavu, akamgeuza kwa ule ustadi wake wa zamani, akaanza kumsafisha.

Mzee Hobart alimkodolea macho. "Wewe si yule Misty?"

"Ndiye, mzee wangu."

"Uliondoka."

"Niliondoka."

"Wamekufukuza huko ulikokwenda?"

"Hapana. Nasoma unesi."

Mzee alitafakari, akiwa amelala ubavu, matako wazi. "Na mwalimu yuko wapi?"

Mwalimu alikuwa kwenye maegesho, ndani ya gari lake, anaongea na simu, na huko ndiko alikopatikana sehemu kubwa ya muhula.

Walipomaliza, Misty aliingia stoo ya nepi, akafunga mlango, akakaa juu ya boksi. Renita akamfuata. Alikuwa na maneno mengi tayari, ameyanoa miezi na miezi. Kwa mfano: "Hospitali ina helikopta nzuri." Au: "Nani sasa yuko kitanda cha kumi na mbili?"

"Sema," Misty alisema bila kuinua uso. "Najua unayo. Sema yaishe."

"Sina la kusema."

"Muongo. Basi nitasema mimi. Hapa nilikuwa nalipwa dola kumi na tano kwa saa kumfuta yule mzee. Sasa ninalipa mimi. Nimepiga hesabu, Renita, umeniambukiza. Ada yangu ukiigawa kwa saa, nimemlipia Hobart leo zaidi ya nilivyokuwa nalipwa. Na Bi Pruitt hatoi hata senti. Ananiita 'mikono ya baraka'!"

"Omba piza."

Misty alimtazama. Mdomo ukamcheza, akajizuia, akashindwa. Walicheka mpaka Bi Pruitt akaja kugonga mlango akiuliza kama kuna mtu amefariki. Kicheko kilipoisha, kilimwacha Misty analia, na Renita alikaa juu ya boksi la pili, akamshika mkono wenye harufu ya glavu.

"Acha tu, uje kwenye foleni yetu," alimwambia.

"Nimewauliza. Hawakubali hata somo moja nililosoma Gladecrest. Hata Kiingereza, Renita! Lugha niliyozaliwa nayo." Akafuta pua. "Nikiacha leo, nadaiwa nusu na sina kitu. Nikiendelea, nadaiwa yote na labda nina kitu. Wewe ungefanya nini?"

Renita, bingwa wa hesabu, alibaki akihesabu maboksi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini mtu akishakuwa katikati ya harusi, huwezi kumwambia avue shela arudi nyumbani kwa miguu.

"Endelea," alisema mwishowe. "Ila usingoje wakufundishe. Jifundishe."

Masika yaliyofuata, Eulene alipiga simu. Safari hii yeye ndiye aliyepiga. "Kuna binti amehamia Tennessee," alisema. "Kiti chake ni chako. Kwa sharti moja."

"Lipi?"

"Jumatatu usinipigie."

Kwa hiyo foleni ya miaka miwili Renita aliimaliza kwa mwaka mmoja na kidogo, kwa kero tu. Alianza masomo, akabakiza zamu za Jumamosi na Jumapili Harless Fork, na mwili wake ukagundua kuna uchovu mpya ambao ulikuwa bado haujaujua. Misty naye alimaliza Gladecrest, akavaa joho la kukodi, akapigwa picha mbele ya bango lenye picha ya helikopta, akaenda kufanya mtihani wa leseni.

Akafeli.

Alikuja kwa akina Renita mwenyewe, bila kupiga simu, akakaa barazani kando ya Orville. Mzee alimsogezea kikombe cha kahawa kwa ncha ya kiatu cha nyumbani.

"Umeshuka," Orville alisema. "Bado kupanda."

"Mkopo unaanza kulipwa baada ya miezi sita, Mzee Orville. Leseni au hakuna leseni. Na Gladecrest nimewapigia wanisaidie, simu inaita mpaka inachoka."

"Basi tutakusaidia sisi wajinga wa foleni," alisema Renita kutoka mlangoni.

Hivyo ndivyo meza ya jikoni ya akina Stamper ilivyogeuka chuo. Renita alileta vitabu vyake na maswali waliyokuwa wakipewa na walimu wao, walimu waliokuwa wakali kama nyigu na waliokuwa hawakai kwenye magari. Jambo ambalo Gladecrest walilifundisha kwa sanamu la plastiki lililokosa mkono mmoja, hapa lilifundishwa kwa Orville mwenyewe, aliyekuwa na magonjwa ya kutosha kujaza muhula mzima. Aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Alilala kwenye kochi akiguna.

"Mgonjwa ana miaka sabini na mmoja," Renita alisoma, "anapumua kwa shida, midomo imebadilika rangi. Unaanza na nini?"

"Namnyanyua kichwa," Misty alisema. "Naangalia mrija."

"Nawe utaangalia mrija?" Orville alidakia. "Mgonjwa anakufa, anataka kahawa!"

"Mgonjwa anyamaze," walisema wote wawili.

Mara mbili kwa wiki walifanya hivyo, Misty akitoka zamu Harless Fork, maana alikuwa amerudi kule, kwenye mshahara ule ule wa zamani na zile senti ishirini na tano za nyongeza. Bi Pruitt alimpokea kwa mikono miwili. Mzee Hobart alimpokea kwa kusema, "Sasa wamekufukuza kweli."

Siku ya matokeo ya mtihani wa pili, Misty hakuthubutu kuitazama simu. Alimpa Orville. Orville aliishika mbali na macho, akaisogeza, akaisogeza tena, akakohoa kwa muda mrefu mpaka Renita akaanza kuwa na wasiwasi wa kweli.

"Maandishi haya ni madogo," alisema.

"Mzee Orville, nakuomba!"

"Umepanda," alisema. "Chukua simu yako, inanichosha mkono."

Misty alipiga ukelele uliowatoa majirani. Kisha akaingia jikoni akatapika.

Alipata kazi hospitali ya kaunti ya jirani, ya kweli, yenye helikopta. Mshahara ulikuwa mzuri. Haukuwa ule wa kwenye bango, lakini ulikuwa mzuri, na kila mwezi kabla haujapoa mfukoni, mia sita zilitoka. Gladecrest ilifunga milango mwaka ule ule, ikiwaacha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamesimama kwenye maegesho wakiwa na sare za zambarau na mikopo yao. Duka la nywele za bandia lilitanuka likachukua ile nafasi. Bryce Tackett, kwa habari za mtaani, anauza bima, na anaishi vizuri kuliko wengi aliowasajili.

Renita alihitimu mwaka uliofuata, katika ukumbi wa michezo wa chuo cha serikali, mvua ikigonga bati. Orville alikuja na mtungi wake, akakaa mbele kabisa, na jina lilipotajwa hakupiga makofi kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika mtungi. Misty alipiga kwa niaba yake, kwa vidole viwili mdomoni, mluzi uliomfanya mkuu wa chuo asahau jina linalofuata.

Baadaye walikwenda kula samaki kambare wa kukaanga, watatu, na ubishi ukaanza kabla chumvi haijafika.

"Mimi nimepata mshahara wa nesi mwaka mzima kabla yako," Misty alisema. "Kubali."

"Nakubali. Na wangapi kati ya wale saba wenye zambarau wamepata leseni?"

Misty aliinamia sahani. "Wawili."

"Na wengine?"

"Mmoja yuko Harless Fork. Anamfuta Hobart." Akachokonoa samaki. "Sikuwa mwerevu kuliko wao, Renita. Nilikuwa na meza yenu tu. Hiyo haimo kwenye hesabu ya mtu."

Orville alijifanya anashughulika na mwiba.

"Deni langu litaisha nikiwa na arobaini na kidogo," Misty aliendelea, akijitahidi kurudisha uchangamfu. "Nitafanya sherehe. Nitawaalika benki."

"Mimi deni la pikapu ya Dewey linaisha Oktoba," Renita alisema. "Nafikiri nikamwombe lifti."

Walicheka. Orville akamtazama mwanawe, na sare yake nyeupe ya mahafali iliyokuwa imekwisha kupata tone la mafuta kifuani, akasafisha koo. Renita alijiandaa. Alidhani sasa, baada ya miaka yote hii, mzee atasema neno zito.

"Kwa kuwa sasa wewe ni nesi," Orville alisema, "utanikata kucha za miguu?"

"Nimekukata tangu nikiwa na miaka kumi na tano, Baba."

"Ndiyo, ila bure. Sasa sijui bei."

"Dola thelathini na mbili kwa saa."

"Loo!" alisema Orville, akamgeukia Misty. "Na wewe unachaji kiasi gani?"